Utando wa Seli: Kwa Nini Chumvi na Sukari Humwokoa Mtoto Anayehara

Katika vipindi vyetu vya afya huwa tunasisitiza: mtoto akihara, mpe maji ya ORS. Kwa nini yawe na chumvi na sukari, yasiwe maji matupu? Jibu liko kwenye utando wa seli.

Utando ni nini?

Miili yetu imejengwa kwa seli, chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba mno: ukipanga tando 100,000 moja juu ya nyingine, hazizidi unene wa milimita 1.

Utando huo ni tabaka mbili za mafuta. Oksijeni hupenya humo kwa urahisi, lakini chumvi na sukari haziwezi. Hizo hupitia kwenye protini zilizopachikwa ndani ya utando, ambazo ni kama milango. Kila mlango una kitu chake unachopitisha.

Mlango wa utumbo mdogo

Seli za utumbo mdogo zina mlango unaoingiza sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, pamoja na glukosi, inayotokana na sukari. Kimoja hakivushwi bila mwenzake. Mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo hili mwaka 1960. Viwili hivyo vikiingia, maji huvifuata.

Sumu ya kipindupindu hufanya seli za utumbo zimwage maji na chumvi kwa wingi, lakini mlango huu hubaki ukifanya kazi. Kwa hiyo usiache kumpa mtoto ORS kwa kuwa bado anahara. Kazi yake ni kurudisha maji mwilini.

Namna ya kuchanganya

Fuata kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukikosa pakiti, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, weka vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visijae kilima. Sukari ikizidi huongeza kuhara. Chumvi ikizidi ni hatari.

Mpe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akilegea, macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa au akitoa choo chenye damu, mpeleke kituo cha afya mara moja, huku mkiendelea kumnywesha njiani kama anaweza kumeza.