Kwa Nini Fremu ya Baiskeli Hukatika Palepale

Ukipita kwa mafundi wa kuchomelea, iwe Likoni, Mtwapa au bara kule Kahawa Wendani kando ya barabara ya Thika, utakuta fremu nyingi zimekatika pahali pamoja: chini kidogo ya shingo, bomba la chini linapokutana na usukani. Nyingine hukatika nyuma karibu na ekseli, hasa zinazobeba madumu ya maji na mitungi ya gesi. Gurudumu la mbele likigonga shimo, uma husukumwa nyuma, nao huikunja shingo kidogo. Mara elfu kadhaa za kukunjwa hivyo, ufa huanza.

Waundaji walilitambua hilo mapema. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, alisajili ubunifu wa bomba lenye kuta nene nchani na nyembamba katikati. Kwa nje huoni tofauti. Maonyesho ya Marekani ya baiskeli za kutengenezwa kwa mkono yalianza Houston mwaka 2005, na fremu nyingi zinazosifiwa katika maonyesho ya aina hiyo hurudia wazo lilelile kwa sura mpya: chuma kiwekwe panapoumia, kipunguzwe pasipoumia.

Black Mamba yetu haikuhangaika na kupunguza. Mabomba yake ni mazito, magurudumu yako mbalimbali, na uma umelala mbele kiasi kwamba hunyumbuka kwenye matuta. Viungo vyake ni vya soketi: bomba huchomekwa ndani, kisha shaba iliyoyeyushwa hujaza mwanya. Ni mzigo kuipandisha mlima, lakini fundi yeyote mwenye gesi anaweza kuiunga.

Taabu iko kwenye baiskeli za mtumba zinazoingia kupitia bandari ya Mombasa. Nyingi ni za alumini. Jaribu kwa sumaku: isiponasa, si chuma. Alumini ya fremu hutiwa nguvu kiwandani kwa joto linalopimwa, na ukiichomelea bila kuirudishia joto hilo, sehemu iliyo kando ya kiungo hulegea. Inaonekana imepona. Halafu shingo inaachia kwenye mteremko, matatu ikiwa nyuma yako. Kwa maoni yangu fundi anayekataa kazi hiyo anastahili kusifiwa kuliko anayeikubali kwa bei nafuu.

Kwa chuma, nako kuna namna. Bomba jembamba likichomwa kwa umeme mkali huungua ukingoni. Shaba na gesi hulitendea upole zaidi. Kiraka kifupi cha mraba hakisaidii sana, kwa sababu ufa unahamia tu pale kiraka kinapoishia. Kata ncha zake ziwe ndefu na zilizochongoka, ili nguvu ipungue polepole kuelekea bomba lililo zima. Bora zaidi ni kuingiza kipande cha bomba ndani kabla ya kuunga.

Kabla ya kununua, pindua baiskeli na utazame chini ya shingo kwenye mwanga. Rangi iliyopasuka kwa mstari unaozunguka bomba, yenye uzi wa kutu, ni ufa ulioanza tayari. Rangi mpya iliyopakwa hapo tu, huku kwingine imechakaa, iulizie.