Udongo Mwekundu wa Kongwa

Mwaka 1946 Waingereza walikuwa bado wanapata mafuta ya kula kwa mgawo, ingawa vita vilikuwa vimekwisha. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, akaipelekea serikali yake wazo: karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta. Wajumbe watatu, wakiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, wakatumwa kukagua. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya ardhi wakiitazama kutoka kwenye ndege, kisha wakapendekeza mashamba ya ekari 3,210,000 Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ikaanzia Kongwa, nchi ya Wagogo.

Toka angani Kongwa ilionekana tupu. Lakini uchache wa watu ulikuwa na sababu, nayo ni maji. Mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja, na hukatika wakati wowote. Kwa hiyo Wagogo walifuga ng'ombe na kulima uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame. Naamini mahojiano ya dhati na wakulima hao yangeokoa mamilioni ya pauni.

Udongo nao ulikuwa na habari zake. Ua la karanga likishachavuliwa hutoa kikonyo kinachoinama mpaka chini na kupenya ardhini, na ncha yake ndiyo inayovimba kuwa ganda lenye punje. Kwa hiyo karanga hutaka udongo tifutifu: wa kupenyeka wakati wa maua, na wa kuachia mmea wakati wa kung'oa. Udongo mwekundu wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua zikiisha hukauka ukawa mgumu kama tofali la kuchoma, tena wakati uleule wa kuvuna. Chembe zake za mchanga zilikula majembe ya matrekta.

Elimu ya udongo haikukosekana. Amani, milimani Usambara, Geoffrey Milne alikuwa amechora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, akaonyesha jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kileleni hadi bondeni, hata katika mteremko mmoja. Alifariki 1942. Taarifa ya safari yake ya kuchunguza udongo wa Tanganyika ilichapishwa 1947, mwaka uleule matrekta yalipoanza kung'oa vichaka Kongwa.

Lengo la mwaka huo lilikuwa ekari 150,000. Zilizosafishwa zilikuwa kama 7,500. Ukame wa 1949 ukapunguza hata mavuno machache yaliyotarajiwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliachana na mpango, ikiwa imepoteza takriban pauni milioni 36.

Mwaka 1976 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lilitoa mwongozo wa kutathmini ardhi. Kwa mwongozo huo, ardhi haipewi daraja la jumla. Hupimwa kwa zao au matumizi yanayokusudiwa, kwa zana zitakazotumika, na kwa uwezo wa wakulima wenyewe. Shamba moja laweza kufaa sana kwa mtama na lisifae kabisa kwa karanga. Kongwa yenyewe ilikwisha kupata jibu lake kabla ya hapo: sehemu ya mashamba yale iligeuzwa ranchi ya ng'ombe, mifugo ambayo Wagogo walikuwa wakiichunga kandokando muda wote.