Wasafiri wa Magurudumu na Makao ya Majira ya Baridi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia yawafaa pia watu wa bara walioifanya barabara kuwa kwao. Katika Marekani ya karne ya 20 palizuka jamii ya watu waliohama pamoja na nyumba zao, nyumba zenyewe zikiwa juu ya magurudumu. Na sehemu kubwa ya historia yao ni habari ya kutua.

Mwaka 1919, katika bustani ya De Soto mjini Tampa, jimbo la Florida, wasafiri wa motokaa waliunda chama cha Tin Can Tourists, yaani watalii wa makopo. Alama yao ilikuwa kopo la supu lililofungwa mbele ya motokaa, juu ya kifuniko cha rejeta. Wengi walikimbia theluji ya kaskazini, wakalala katika mahema na magari waliyojitengenezea. Wenyeji hawakuwa na moyo mmoja juu yao: baadhi walipenda fedha zao, wengine waliwadharau. Hata hivyo, mwaka 1936 klabu ya Kiwanis ya Bradenton ilifungua kiwanja cha matrela, na msafiri aliyerudi kila mwaka aliweza kumkuta jirani yule yule.

Kisha trela lenyewe likabadilika. Kwa kawaida ya sheria za barabara, upana wake haukuzidi futi 8. Katikati ya miaka ya 1950, Elmer Frey, mtengenezaji wa Wisconsin, alieneza matrela ya futi 10. Futi 2 hizo zilitoa nafasi ya ujia, na kwa ujia vyumba vikapata faragha. Lakini zilidai kibali maalumu cha kupita barabarani. Basi trela jembamba likabaki la safari, na lile pana likawa nyumba isiyohama ila kwa nadra. Mwaka 1955, huko Trailer Estates karibu na Bradenton, watu waliuziwa viwanja badala ya kupangishwa. Aliyekuwa mgeni akawa mwenye ardhi.

Waliosafiri mwaka mzima hawakwisha. Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson, mume na mke walioishi safarini, walianzisha chama cha Escapees. Makao yake yakawa Livingston, Texas, ambako wanachama wengi hupokelewa barua zao, maana asiye na nyumba naye huhitaji anwani. Baadaye pakaanzishwa hapo kituo cha CARE, ambapo mwanachama mzee au mgonjwa hukaa katika gari lake mwenyewe, akapewa chakula na uangalizi.

Kituo hicho chafunua jambo ambalo ramani hazionyeshi. Uhuru wa mwenye gari hutegemea macho yake na mikono yake, na vyote viwili huzeeka. Ndiyo sababu wengi, kabla ya kushindwa, huchagua nyumba ndogo ya majira ya baridi katika nchi ya jua. Miezi ya joto huondoka ikiwa nguvu zingaliko. Baridi ikikaribia hurejea kwa majirani wawajuao kwa majina. Na mmoja wao akichelewa kufika, yuko wa kuuliza habari zake.