Nyufa, Kompyuta na Ghorofa za Dandora

Leo tuweke kando seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu boriti za zege. Usicheke, utaona zinatuhusu.

Huku Dandora tulianza na nyumba za chini. Mwaka 1975 serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilikubaliana kuhusu mradi wa ploti kama 6,000 zenye maji, choo na bafu. Vyumba kila mtu alijijengea. Leo ploti nyingi zimeota ghorofa, na ghorofa haisimami bila boriti.

Boriti ikilemewa, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Zege huvumilia kubanwa, lakini nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo sababu vyuma huwekwa chini. Mjerumani Matthias Koenen alichapisha hesabu ya jambo hili mwaka 1886. Ilisaidia kujenga, ila haikufuata ufa unavyotembea.

Kompyuta ilikuja baadaye. Mwaka 1967 Ngo na Scordelis waliigawa boriti vipande vidogo, ufa ukawa pengo kati ya vipande. Tatizo ni kwamba lazima ujue ufa utapita wapi kabla hujaanza! Mwaka 1968 Rashid akaja na mbinu nyingine: kipande kikivutwa kupita kiasi, ondoa ugumu wake upande huo, kisha endelea na hesabu. Hapo mtu wa programu anatabasamu. Mwaka 1975, ule ule wa Dandora, Willam na Warnke wakachapisha kanuni ya kukadiria lini zege linapasuka au kupondeka. Programu ya ANSYS ikaja kuitumia.

Nami nikaandika programu yangu ndogo, rahisi kuliko hizo. Boriti ina upana wa milimita 200, kimo 400, na vyuma 4 vya milimita 16. Zege likiwa na nguvu ya newtoni 25 kwa milimita ya mraba, nyufa hutangulia, vyuma huvutika, boriti hupinda. Unapata muda wa kukimbia. Nikashusha hadi 10, kama zege lililozidishiwa maji. Zege la juu likapondeka kabla vyuma havijaanza kuvutika. Nikaongeza vyuma, bado likapondeka kwanza.

Kwa hivyo fundi akikuambia "tumeongeza vyuma", hajakujibu.

Jirani zetu wa Huruma walipoteza karibu watu 50 jengo la ghorofa sita lilipoanguka usiku wa mvua, tarehe 29 Aprili 2016. Sisemi boriti ndiyo iliyoanza; jengo lilikuwa ukingoni mwa mto. Nasema tu kwamba kuanguka ghafla hakumpi mtu nafasi ya kuamsha watoto.

Kompyuta huamini namba unayoipa. Ile 25 hutoka kwenye mchemraba wa zege uliopondwa maabara baada ya siku 28. Landilodi akitaka kuongeza ghorofa juu yako, muulize karatasi ya kipimo hicho.

Haya, tukutane tena.