Ukame Nao Huleta Mbu: Historia ya Chikungunya kutoka Newala hadi Lamu





Wengi wetu tumekua na fikra moja: mvua ikija, mbu wanakuja, jua likiwaka, mbu wanakwisha. Fikra hii ina ukweli wake, kwani mbu hawezi kuzaliana bila ya maji. Lakini historia ya Afrika Mashariki inatuonesha maradhi ya virusi yaliyoenea kwa nguvu wakati visima vinakauka na watu wanapanga foleni kwa ajili ya ndoo moja ya maji. Maradhi hayo ni chikungunya. Tumeona tuyaeleze leo kwa sababu habari yake inahusu nyumba zetu, mapipa yetu na madumu yetu, na pia kwa sababu sehemu ya historia hiyo ilifanyika hapa kwetu Uganda.

NEWALA, MWAKA 1952

Mwaka 1952, kusini mwa Tanganyika karibu na mpaka wa Msumbiji, watu wa wilaya ya Newala walianza kuugua kwa ghafla. Homa ilipanda, na viungo vikauma kiasi cha mtu kushindwa kunyanyuka kitandani. Wengine maumivu hayo yalidumu kwa miezi. Wamakonde wakayapa maradhi hayo jina kwa lugha yao, chikungunya, neno lenye maana ya kujikunja au kupinda, kwa jinsi mgonjwa anavyotembea ameinama. Leo neno hilo la Kimakonde limo katika vitabu vya tiba ulimwenguni kote.

Daktari Marion Robinson ndiye aliyeandika dalili za maradhi hayo, na W.H.R. Lumsden akachunguza namna yalivyoenea. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1955. Lumsden alitoka katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, ile iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano. Mtafiti mwenzake wa hapo, R.W. Ross, ndiye aliyefanikiwa kukitenga kirusi chenyewe.

Sasa tutazame mazingira ya pale. Newala ipo kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Maji ya mvua huzama ardhini, na huko juu hakuna mito. Zama hizo wanawake walishuka mabondeni kuteka maji, kisha wakapanda nayo kichwani. Maji yaliyopatikana kwa taabu kama hiyo hayamwagwi. Huwekwa ndani ya nyumba, kwenye mitungi, na kutumiwa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Humo ndimo alimokuwa akizaliana mbu aitwaye Aedes aegypti.

MBU HUYU NI WA NAMNA GANI?

Mbu huyu si yule wa malaria. Mbu wa malaria huuma usiku, naye huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Tena yeye hapendi mabwawa wala mito. Anapenda maji yaliyotulia karibu na watu: mtungi, pipa, ndoo, kopo au tairi la gari lililotupwa uani.

Hutaga mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa. Siku chombo kitakapojazwa tena, maji huyafikia na viluwiluwi hutoka. Katika hali ya joto, kiasi cha siku saba hadi kumi zinatosha kumpata mbu mzima.

Joto lina kazi nyingine pia. Mbu akimuuma mgonjwa hawezi kuwaambukiza wengine papo hapo. Kirusi kinahitaji siku kadhaa kukua mwilini mwake mpaka kifike kwenye mate yake. Hali ya hewa ikiwa ya joto, muda huo hupungua. Mbu anayeishi wiki mbili au tatu tu anapata siku nyingi zaidi za kueneza maradhi. Joto likipita kiasi, mbu wenyewe hufa, lakini ndani ya nyumba zetu, kivulini karibu na mtungi, ni nadra kufika hapo.

LAMU, MWAKA 2004

Miaka hamsini hivi baada ya Newala, chikungunya ilizuka katika kisiwa cha Lamu, pwani ya Kenya. Ilikuwa katikati ya mwaka 2004. Kipindi hicho pwani ilikuwa na ukame na joto lisilo la kawaida. Mji wa Lamu hutegemea maji ya chini ya michanga ya Shela. Mvua zikikosekana, watu huweka akiba ya maji majumbani kwa muda mrefu zaidi, na vyombo havioshwi mara kwa mara kwa sababu maji ya kuoshea ndiyo hayo hayo ya kunywa.

Watafiti walipopima damu za wakazi baada ya mlipuko, walikuta dalili za maambukizo kwa watu 75 katika kila 100. Walikadiria kwamba watu wapatao 13,500 katika mji wenye watu kama 18,000 walikuwa wameambukizwa. Hebu tufikiri: katika nyumba ya watu wanne, watatu! Nani wa kumpikia mwenzake? Nani wa kuteka maji?

Mwishoni mwa mwaka huo maradhi yalifika Mombasa. Mapema mwaka 2005 yakavuka bahari hadi Komoro. Ngazidja, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, hakina mito ya kudumu kwa sababu mawe yake ya volkano hupitisha maji, na wenyeji hukusanya maji ya mvua kwenye matangi ya nyumbani. Huko ilikadiriwa kuwa watu 63 katika kila 100 waliambukizwa. Kisha ikawa zamu ya Réunion mwaka 2005 na 2006, ambako karibu theluthi ya watu wa kisiwa waliugua. Hapo kirusi kilipata badiliko dogo lililokiwezesha kuenezwa kwa urahisi zaidi na mbu mwingine, Aedes albopictus, anayestahimili hata nchi za baridi. Mwaka 2006 India ilihesabu washukiwa zaidi ya milioni moja, na mwaka 2007 yakazuka kaskazini mwa Italia. Moto uliowaka pwani yetu wakati wa ukame ulifika Ulaya katika muda wa miaka mitatu.

NA MVUA JE?

Tusije tukafahamu vibaya kwamba mvua haina neno. Yapo maradhi ambayo mlango wake ni mvua hasa. Homa ya Bonde la Ufa iligunduliwa karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, katika miaka ya 1930 na 1931, kwa kondoo. Mbu wanaoianzisha hutaga kwenye mabonde ya nyasi, na mayai yao hulala kwenye udongo mkavu kwa miaka, mengine yakiwa na kirusi tayari. Mafuriko yakija, mbu hutoka kwa wingi, huambukiza mifugo, na wachungaji na wachinjaji hupatwa kupitia damu ya wanyama au kwa kuumwa na mbu. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998, wakati wa mvua za El Niño, kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Mwaka 2006, kwa kutazama joto la bahari na picha za setilaiti, wataalamu waliweza kutoa tahadhari wiki kadhaa kabla ya mlipuko mwingine.

Basi mvua nyingi ilifungua mlango mmoja, na ukosefu wa mvua ukafungua mwingine. Swali si kama kuna mvua au jua. Swali ni: maji yamesimama wapi, na ni nani anayaangalia? Ukame wenyewe hauzai mbu. Ukame humfanya mtu aweke maji ndani, na mbu humfuata humo humo. Wala si haki kumlaumu mama aliyejaza pipa lake. Anayeweka akiba ya maji ni yule ambaye bomba lake halitoi. Mji ukipata maji ya uhakika, umepata kinga.

TUFANYE NINI MAJUMBANI?

Wazee wa Lamu walikuwa na elimu yao katika jambo hili. Katika nyumba zao za mawe mlikuwa na birika la maji chooni, na ndani ya birika waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Hawakujua habari za virusi, lakini walijua kwamba maji yaliyosimama yanahitaji mlinzi. Na sisi Waislamu tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kufunika vyombo vyetu na kufunga viriba vyetu usiku. Mafundisho hayo tunayasomesha watoto madrasa. Basi na tuyatekeleze uani.

Pipa lifunikwe vizuri, mfuniko usioacha upenyo, au kitambaa kizito kilichofungwa kwa kamba. Mara moja kwa wiki, chombo kikikaribia kuisha, kisuguliwe ukuta wake wa ndani kwa brashi kabla ya kujazwa tena, kwani kumwaga maji tu hakuondoi mayai yaliyogandamana. Makopo, vifuu na matairi yaondolewe uani wakati wa kiangazi, yasisubiri mvua. Na mwenye homa alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asimuume akaenda kwa jirani. Dawa maalum ya kukiua kirusi hiki haipo. Mgonjwa hupunguziwa homa na maumivu tu. Aende kituo cha afya, kwa sababu malaria na dengue huanza kwa namna hiyo hiyo.

Kazi hizi watoto wanaziweza. Tuwape kila Ijumaa asubuhi: mmoja akague mifuniko, mwingine azunguke uani. Kiangazi kijacho kitakapokuja na foleni za maji zitakaporefuka, nyumba iliyozoea haya itakuwa imeshajiandaa.

Allah atuhifadhi sisi na jirani zetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie mvua yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.