Miss Marple

Miss Jane Marple ni mhusika katika hadithi za upelelezi za Agatha Christie (1890–1976), mwandishi wa Uingereza. Ni bibi kizee asiyeolewa, mkazi wa St Mary Mead, kijiji cha kubuni. Alianza kuonekana katika hadithi fupi iliyotoka jaridani Desemba 1927. Riwaya yake ya kwanza, The Murder at the Vicarage, ilichapishwa 1930. Kwa jumla ana riwaya 12 na hadithi fupi 20.

Chanzo

Christie alimchota kwa bibi yake wa Ealing na marafiki wa kike wa bibi huyo. Bibi alimdhania kila mtu mabaya, na kwa kawaida hakukosea. Miss Marple alizaliwa akiwa tayari na miaka 65 hadi 70, jambo lililokuja kumsumbua mwandishi, kwani ilibidi mzee huyo adumu miongo mingi.

Upelelezi wake

Hana cheo wala maabara. Hufuma sweta, hupalilia bustani, hutazama ndege kwa darubini, na hakuna apitaye njiani asimwone. Umbea wa kwenye chai, ambao wanaume wa kijijini huudharau, ndio ghala lake la ushahidi. Kila mshukiwa humkumbusha mtu fulani wa kijijini: mtumishi mdokozi, au kijana aliyewadanganya wazazi. Kwake tabia za watu ni zilezile, Londoni hata St Mary Mead.

Mfano mzuri ni The Body in the Library (1942). Maiti ya msichana mwenye nywele za dhahabu yakutwa asubuhi katika maktaba ya Kanali Bantry, na polisi wanaambiwa ni ya mchezaji dansi wa hotelini. Miss Marple anaangalia kucha zilizotafunwa na gauni kuukuu, anaona mambo hayaoani. Sir Henry Clithering, mkuu mstaafu wa Scotland Yard, humsikiliza kwa heshima. Makachero wengine huchelewa kujifunza.

Riwaya nyingine, Sleeping Murder, iliandikwa miaka ya 1940, ikawekwa akiba hadi ilipochapishwa 1976.

Filamu na televisheni

Margaret Rutherford alimwigiza katika filamu nne (1961–1964), za kuchekesha lakini mbali na vitabu. Joan Hickson wa BBC (1984–1992), mpole mwenye macho makali, ndiye anayemkaribia zaidi. Aliigiza riwaya zote 12. Kituo cha ITV cha Uingereza kilimtumia Geraldine McEwan, kisha Julia McKenzie.

Siku hizi

Mwaka 2022 waandishi wanawake 12 walitoa mkusanyo wa hadithi mpya za Miss Marple.