Dirisha la Malipo Lilitoka Wapi?

Leo tuweke kando malaria na vyoo. Tuzungumze juu ya lile dirisha dogo la hospitali lenye vyuma, ambapo unaulizwa pesa kabla hujaulizwa unaumwa wapi. Vijana wengi wanadhani dirisha hilo limekuwako siku zote. La hasha.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwataja maadui watatu wa taifa: umaskini, ujinga na maradhi. Siku hizo mgonjwa aliyekwenda kwenye kituo cha serikali alilipa shilingi 5 kwa kila ugonjwa. Mwaka 1965 serikali ikaifuta ada hiyo. Waulize wazee wa kwenu, watakuambia: foleni ilikuwa ndefu, lakini mtu hakurudishwa nyumbani kwa sababu ya mfuko mtupu.

Mwaka uliofuata, 1966, ikaanzishwa bima ya taifa ya hospitali, NHIF. Iliwahusu walioajiriwa waliopata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, nao walikatwa shilingi 20. Mkulima na mchuuzi hawakuruhusiwa kujiunga kwa hiari mpaka 1972. Tena ilikuwa bima ya kulazwa. Ukitibiwa na kwenda zako nyumbani, haikukusaidia, na hali ikawa hivyo kwa wanachama wengi mpaka mwaka 2015. Lishike jambo hilo, kwa maana ugonjwa mwingi unaokula pesa ya nyumba si wa kulazwa.

Katika miaka ya 1980 mambo yakaharibika. Watu waliongezeka, bei ya kahawa ikaanguka, na serikali ikategemea mikopo yenye masharti. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka wa kuzishauri nchi maskini ziwatoze wagonjwa sehemu ya gharama. Desemba 1989 Kenya ikaanza. Mpango uliitwa kuchangia gharama. Zahanati ziliachwa bila malipo, lakini kwenye vituo vya afya na hospitali dirisha likafunguliwa.

Nini kilitokea? Tuchukue kliniki moja ya Nairobi iliyotibu magonjwa ya zinaa. Watafiti walihesabu waliofika kabla ya ada na baada yake. Wanaume walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya zamani, na wanawake hadi asilimia 65. Ada ilipoondolewa mwaka 1990, wanawake waliofika walizidi hata idadi ya kabla ya ada kwa asilimia 22. Wanaume hawakurudi wote.

Fikiri kidogo hapo, msikilizaji. Mwanamume mwenye kisonono ambaye hakuonekana kliniki hakuwa amepona. Alikuwa nyumbani na mke wake. Na miaka ile ndiyo UKIMWI ulikuwa ukienea nchini, na sote tunajua kwamba mwenye kidonda au usaha sehemu za siri huambukizwa virusi kwa urahisi zaidi.

Ada ikarudishwa kwa awamu kuanzia 1992, safari hii kama malipo ya matibabu badala ya malipo ya kuandikishwa. Watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa, na maskini kabisa waliruhusiwa kuomba msamaha. Mimi ni muuguzi, nimekaa kwenye foleni hizi upande wa pili wa meza. Ni mama gani atasimama mbele ya majirani zake aseme kwa sauti kwamba hana kitu? Wengi huondoka kimyakimya.

Wanaokwenda wapi? Dukani. Mtoto anapata homa Jumatatu, mama ananunua vidonge viwili vya kupunguza maumivu. Jumatano anakwenda kwa mwenye duka la dawa, anauziwa nusu dozi ya dawa ya vijidudu kwa kuwa ndiyo pesa aliyo nayo. Jumamosi usiku mtoto anapumua kwa shida, gari linakodiwa kwa bei ya usiku, na mtoto analazwa. Sasa kuku wote wanauzwa. Halafu mbuzi. Halafu shamba linakodishwa kwa jirani misimu miwili, dada mkubwa anakaa nyumbani kwa kukosa karo, na watu wanaitwa harambee. Kwa maoni yangu, ile ada ndogo ya dirishani siyo iliyouza mbuzi. Kilichomuuza ni siku tano za kungoja. Hazina ilipata shilingi chache, nyumba ikapoteza mali ya miaka.

Hesabu za taifa za mwaka 2001/02 zilionyesha kwamba karibu nusu ya pesa zote zilizotumika kwa afya nchini zilitoka kwa wananchi wenyewe majumbani.

Julai 2004 ada ikapunguzwa: shilingi 10 kwa zahanati, 20 kwa kituo cha afya. Hatua njema, ila kuna jambo lililosahauliwa. Zile pesa za dirishani ndizo zilizonunua sabuni na mafuta ya taa na kumlipa mlinzi. Zilipokatwa bila kujazwa haraka, vituo vingine viliendelea kutoza, vingine vikamwandikia mgonjwa akanunue glavu na sindano nje. Ada ilihama tu, kutoka dirishani hadi duka la dawa. Serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja vituoni mwaka 2010, na tarehe 1 Juni 2013 ikafuta ada za zahanati na vituo vya afya pamoja na malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwazuilia akina mama wodini kwa sababu ya deni ni kuvunja Katiba.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF haipo, mahali pake pana SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa zahanati na kituo cha afya, kujiandikisha kunatosha kutibiwa bila kulipa. Kwa kulazwa hospitalini lazima mchango uwe umelipwa kabla, si siku mgonjwa anapobebwa. Nenda na kitambulisho, uwaandikishe na watoto. Ukiambiwa dawa zimekwisha, uliza zinatarajiwa lini na kama kituo cha jirani kinazo, kabla hujafungua mfuko.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya chanjo ya surua. Uje na kadi ya mtoto karibu nawe.